Kusitiri na Kuficha: Lugha ya Sheria, Picha za Ngono Mtandaoni na Hofu ya Udhibiti Kivu ya Kusini

1.0 Utangulizi

Mwezi Septemba 2015 filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa Bukavu na katika vijiji vya Kivu ya Kusini ilikatazwa kuonyeshwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Filamu hiyo, L'Homme qui répare les femmes, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, inaeleza kazi ya Daktari Denis Mukwege na ya hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999, ambako hutibiwa wanawake waliobakwa katika vita. Serikali, kupitia kwa msemaji wake Lambert Mende, ilidai kwamba filamu hiyo inalichafulia jina jeshi la taifa, na kwamba maneno ya mashahidi hayakutafsiriwa kwa haki katika Kifaransa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo katazo hilo liliondolewa. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 2018, Daktari Mukwege alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Filamu hiyo haikuwa ya ponografia, wala hakuna aliyedai hivyo. Hata hivyo mkasa wake unagusa kiini cha suala linalojadiliwa hapa: ni nani aamue habari zipi za mwili wa binadamu zisikike na zipi zizimwe, kwa lugha ipi, na kwa kumlinda nani. Mwaka 2015 suala hilo lilihusu ukumbi wa sinema. Siku hizi linahusu simu iliyo mkononi mwa mwanafunzi, ya mzazi na ya mtoto. Katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki serikali zimetunga sheria na kutoa amri za kuzuia maandishi na picha za ngono katika intaneti kwa hoja ya kulinda maadili. Wapo wanaoziunga mkono kwa dhati, na wapo wanaohofu kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya uchafu utapitisha pia siasa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala hilo kwa upande wa lugha. Inadaiwa humu kwamba ugomvi baina ya pande hizo mbili unatokana kwa kiasi kikubwa na msamiati wa sheria, ambao huchanganya mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga: kusitiri, ambako ni kumlinda mtu, na kuficha, ambako ni kuliondoa jambo machoni pa watu.

2.0 Msamiati wa Jambo Lenyewe

Neno ponografia limeingia katika Kiswahili kwa kutoholewa, na hutumika zaidi katika sheria na magazeti. Katika mazungumzo ya kawaida husemwa picha chafu, picha za ngono, picha za uchi au picha za utupu. Maneno haya hayalingani. Picha za ngono hutaja tendo. Picha za uchi hutaja hali ya mwili. Picha chafu hutaja hukumu ya mtazamaji. Picha ya mgonjwa mbele ya daktari huweza kuwa ya uchi bila ya kuwa ya ngono. Picha ya ngono huweza kuwa ya watu wazima wawili walioridhia, au ya mtu aliyepigwa picha pasipo ridhaa yake, au ya mtoto, na hiyo ya mwisho haifai kuitwa picha chafu tu, kwani ni ushahidi wa jinai. Neno moja la jumla linapoyafunika yote hayo, tofauti kubwa za kisheria na za kibinadamu hupotea.

Pamoja na maneno hayo hutumika kundi la pili, la kuelezea hisia na wajibu: haya, aibu, adabu, heshima, staha na maadili. Haya ni hisia ya ndani. Katika pwani husemwa kuona haya, na katika Kiswahili cha Bukavu, kusikia haya, kama vile mtu asikiavyo njaa au baridi. Aibu ni doa linaloonekana na wengine. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kasoro. Adabu ni malezi. Maadili, kwa upande wake, yametokana na mzizi uleule uliotupa adili na uadilifu, yaani haki na unyofu. Kwa hiyo anayesema kwamba analinda maadili anasema, kwa mujibu wa mzizi wa neno, kwamba analinda haki. Mara nyingi lakini sheria zinazotaja maadili hupima kiasi cha aibu anachosikia mtazamaji, na haki iliyovunjwa husahauliwa.

Neno udhibiti nalo linastahili kutazamwa. Kwa asili yake kudhibiti ni kushika barabara na kutunza ili kitu kisiharibike. Daktari hudhibiti maradhi, na mhasibu hudhibiti matumizi. Neno hilohilo ndilo linalotumika kwa ukaguzi wa vitabu, nyimbo, filamu na habari kabla hazijawafikia watu au baada ya kuwafikia. Kwa hiyo serikali inaposema inadhibiti mitandao, msikilizaji mmoja husikia utunzaji na mwingine husikia kuzibwa mdomo. Wote wawili wamesikia sawasawa.

3.0 Kongo: Maneno Mawili ya Kifaransa

Sheria za Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Katika suala hili zimeegemea maneno mawili, bonnes mœurs, ambayo huweza kufasiriwa kuwa tabia njema au maadili mema. Sheria ya Adhabu ya 30 Januari 1940, iliyotungwa wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, inamwadhibu katika kifungu cha 175 yeyote anayeonyesha, kuuza au kugawa nyimbo, maandishi, picha au vitu vingine vilivyo kinyume cha bonnes mœurs. Sheria hiyo haielezi tabia njema ni ipi. Wakati huo mkoloni alikuwa na majibu yake: tume za ukaguzi ziliamua ni filamu zipi zinafaa kuonyeshwa kwa Waafrika na zipi ziachiwe Wazungu peke yao. Yaani kilichochunguzwa hakikuwa filamu tu, bali na jicho la anayeitazama.

Ukoloni ulikwisha mwaka 1960, lakini maneno yale mawili yalibaki. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake kwa kusema, kwa kuandika na kwa picha, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na bonnes mœurs. Dekrii ya Februari 1996 ilikuwa imekwisha kuunda tume ya taifa ya kudhibiti nyimbo na maonyesho. Mwezi Novemba 2021 tume hiyo ilikataza nyimbo kadhaa zilizoukosoa utawala, ukiwemo Nini to sali te wa kundi la MPR. Wimbo huo uliorodhesha matatizo ya wananchi. Haukuwa na uchi wowote. Baada ya malalamiko ya umma katazo la wimbo huo liliondolewa haraka. Mfano huu unaonyesha jinsi chombo kilichowekwa kwa ajili ya staha kinavyoweza kutumika dhidi ya malalamiko ya raia.

Kwa upande wa mawasiliano ya mbali, sheria ya Oktoba 2002 iliipa dola uwezo wa kukataza matumizi ya vyombo vya mawasiliano, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kwa ajili ya usalama, ulinzi wa nchi, au sababu nyingine yoyote. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwezi Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulikatwa nchini kote. Mwezi Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga mswada wa sheria ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Ilizimwa tena kuanzia 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, ikakaa gizani hadi tarehe 19 Januari 2019. Katika miji ya mpakani kama Bukavu na Goma baadhi ya wakazi walitumia kadi za simu za Rwanda ili kupata habari za nchi yao wenyewe. Sheria ya 2002 ilibadilishwa na sheria mpya ya 25 Novemba 2020.

Tarehe 13 Machi 2023 ilitolewa sheria kubwa ya mambo ya dijitali. Sheria hiyo ina mema yake: inaadhibu picha za ngono zinazowahusu watoto, na hivyo inaendeleza sheria ya 20 Julai 2006 kuhusu jinai za ngono, na sheria ya 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 360, inamtia gerezani kwa mwezi 1 hadi 6 anayeanzisha au kueneza habari za uongo dhidi ya mtu katika mitandao. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 kwa mashtaka yaliyojengwa kwa sehemu juu ya sheria hii, akaachiliwa Machi 2024 baada ya kukaa kizuizini zaidi ya miezi 6. Katika jalada moja, basi, mmewekwa ngao ya mtoto na rungu la kumpigia mwandishi. Anayeisifu sheria kwa ajili ya ngao hiyo hasemi uongo, wala anayeilaumu kwa ajili ya rungu hilo.

4.0 Mafunzo kutoka kwa Majirani

Kwa kuwa mjadala wa Bukavu hausikiki pekee, inafaa kutazama nchi tatu ambamo Kiswahili husemwa na ambamo suala la picha za ngono mtandaoni limetungiwa kanuni au kufikishwa mahakamani.

Nchini Uganda Sheria ya Kupinga Ponografia ilitiwa saini Februari 2014. Ufafanuzi wake wa ponografia ulikuwa mpana mno hata ukatajwa mitaani kama sheria ya sketi fupi, ingawa sketi hazikutajwa ndani yake. Mara baada ya kutangazwa kwake wanawake kadhaa walishambuliwa na kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume waliodai kutekeleza sheria. Iliyokusudiwa kuzuia uchi ikaleta uchi kwa nguvu barabarani. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano iliwaagiza watoa huduma za intaneti wazuie tovuti 27 za ngono. Lakini mwezi Julai wa mwaka huohuo serikali ilikuwa imeanza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na raia wengi, ili kuikwepa, walijifunza kutumia VPN, yaani programu zinazopitisha mawasiliano katika nchi nyingine. Njia iliyokwepa kodi iliweza kukwepa na kizuizi. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu muhimu vya sheria ya 2014, ikiwemo tafsiri ya ponografia, kwa sababu havikueleza waziwazi kosa ni lipi.

Nchini Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitolewa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020. Jedwali la maudhui yaliyokatazwa la mwaka 2020 linaanza na mambo ya ngono na staha, kisha linaendelea na usalama wa taifa, habari zinazoweza kuleta taharuki, lugha mbaya, na habari zisizo za kweli. Mpangilio huo ni wa kuzingatiwa: picha ya ngono na maoni ya kisiasa yamekaa katika orodha moja, chini ya mlinzi mmoja. Mwezi Mei 2025, mwaka wa uchaguzi mkuu, mtandao wa X ulizuiwa nchini humo. Waziri wa Habari, Jerry Silaa, alieleza kwamba mtandao huo unaruhusu picha za ngono, jambo lililo kinyume cha sheria na maadili ya nchi. Sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, kwani mwaka 2024 X iliandika katika kanuni zake kwamba inaruhusu maudhui ya ngono ya watu wazima walioridhia. Lakini X ilikuwa pia uwanja wa wakosoaji wa serikali, na kizuizi kilianza siku ambayo akaunti ya Jeshi la Polisi ilikuwa imeingiliwa na kutumiwa kueneza uvumi kuhusu Rais. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Nchini Kenya marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta yalitiwa saini tarehe 15 Oktoba 2025. Kuhusu ngono, mamlaka ya kufunga tovuti yalielekezwa kwenye maudhui ya ngono yanayohusu watoto, nako ni kulenga kwa usahihi. Lakini katika sentensi hiyohiyo zilitajwa pia shughuli zisizo halali, maneno yanayoweza kubeba karibu kila kitu. Katika mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya vifungu vingine vya marekebisho hayo.

Mifano hii mitatu haithibitishi kwamba kila serikali inayotaja maadili inadanganya. Inathibitisha jambo dogo zaidi na la kuaminika zaidi: neno likiwa halina mpaka, mamlaka yanayojengwa juu yake nayo hayana mpaka, hata kama aliyeyajenga alikuwa na nia safi.

5.0 Jinsi Kizuizi Kinavyofanya Kazi

Upana wa neno unaongezwa na upana wa chombo. Mtu anapofungua ukurasa katika simu, jina la tovuti hupelekwa kwanza kwenye kitu mfano wa daftari la anwani, nalo hurudisha namba ya kompyuta inayoihifadhi tovuti hiyo. Serikali ikitaka kuzuia tovuti huwaagiza watoa huduma wafute jina hilo katika daftari lao, au wakatae mawasiliano yote yanayoelekea kwenye namba ile. Zamani iliwezekana pia kusoma ukurasa wenyewe na kuuzuia mmoja mmoja. Siku hizi tovuti nyingi hufunga mawasiliano yake kwa maandishi ya siri, hivyo kwamba mtoa huduma huona tu kuwa mteja anakwenda X au YouTube, wala haoni anatazama nini huko.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwenye kutaka kuzuia picha moja katika mtandao wa kijamii, ikiwa wenye mtandao hawataki kuiondoa, hana budi kuuzuia mtandao wote. Ndiyo maana kizuizi kinachotajwa kuwa cha ngono huondoka pia na habari, biashara, masomo na siasa. Si lazima pawepo hila; chombo chenyewe ni shoka, hata anayekishika akidai anafanya kazi ya sindano.

Ipo pia njia ya pili, ya vichujio vinavyotafuta maneno. Hapa wanafunzi wa lugha wana la kusema. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa tasfida katika mambo ya mwili: kukutana kimwili, tendo la ndoa, sehemu za siri, kuingiliwa. Katika Bukavu mwanamke aliyebakwa huweza kusema alikamatwa kwa nguvu. Kichujio kinachosaka neno ngono, ubakaji au uke hakitauona ushuhuda uliosemwa kwa tasfida. Kitakachonaswa ni kijitabu cha mkunga, maelezo ya daktari kuhusu fistula, shauri la mahakama, na somo la afya shuleni, kwa sababu hizo ndizo kazi zinazolazimika kutaja mambo kwa majina yake. Mfanyabiashara wa picha za ngono hana dhiki hiyo. Hubuni misimbo mipya kila mwezi, kama vijana wa Tanzania walivyolipa neno koneksheni maana ya video ya faragha iliyovuja. Kwa hiyo kichujio cha maneno huelekea kumkamata asemaye waziwazi kwa sababu njema, na kumwachia asemaye kwa mafumbo kwa sababu mbaya.

6.0 Bukavu: Nani Anaumia?

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba kila kizuizi ni kibaya. Lakini hoja ya wazazi, ya makanisa na ya misikiti haiwezi kuwekwa kando. Mtoto aliyepewa simu anaweza kukutana na picha za ukatili wa ngono kabla hajajua maana ya ridhaa. Msichana anaweza kupigwa picha na mchumba, kisha picha hizo zikatumika kumtoza fedha au kumlazimisha arudi. Picha ikishasambaa katika makundi ya simu, aibu humwangukia aliyepigwa, na msambazaji hubaki bila jina. Mwathirika wa namna hii hawezi kuambiwa kwamba uhuru wa maoni ndio unaozuia sheria isimsaidie. Katiba ya 2006 yenyewe, katika kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu heshima ya faragha yake na siri ya mawasiliano yake.

Kwa upande mwingine Bukavu si mji wa kawaida katika suala hili. Kwa zaidi ya miaka 25 mji huu umekuwa mahali ambapo ubakaji wa vita umetajwa, umeandikwa, umetibiwa na kushtakiwa. Kazi hiyo yote imewezekana kwa sababu watu walikubali kuvuka haya na kusema. Silaha ya mbakaji wa vita haikuwa bunduki peke yake. Ilikuwa pia hakika yake kwamba mwanamke hatasema, kwa kuwa kusema ni aibu. Sheria inayoifanya aibu kuwa kipimo cha kinachoruhusiwa kuonekana huweza, pasipo kukusudia, kumrudishia mbakaji silaha hiyo ya pili. Mkasa wa filamu ya 2015 ni onyo: ushuhuda wa wanawake wa Kivu ulizimwa kwa wiki kadhaa kwa jina la heshima, nayo heshima iliyotajwa ilikuwa ya jeshi, wakati iliyokuwa imevunjwa ni ya mashahidi.

Tena mji huu umejua maana ya kukosa habari. Mwezi Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, watumiaji wa X nchini Kongo walikuta mtandao huo umezuiwa. Safari hiyo haikuwa kwa sababu ya ngono, bali ya vita. Lakini mwenyeji wa Kadutu au Ibanda aliyetaka kujua barabara ipi ni salama hakuhitaji kujua sababu ya kizuizi, alihitaji habari. Uzoefu wa namna hiyo ndio unaomfanya raia asiamini ahadi kwamba mtambo wa kuzuia ukishajengwa utatumika kwa picha chafu tu.

7.0 Kusitiri Si Kuficha

Ni hapa ambapo Kiswahili kinaweza kuchangia. Kitenzi kusitiri, kinachosikika zaidi pwani kuliko Kivu, hakina maana sawa na kuficha. Anayemsitiri mwenzake humfunika nguo aliyevuliwa, hunyamazia siri aliyoaminiwa, humpa hifadhi aliyekimbia. Mlengwa wa kusitiri ni mtu na hadhi yake. Mlengwa wa kuficha ni jambo: mwizi huficha mali, mkosaji huficha kosa, mtawala huficha maiti. Kusitiri huanza na swali: nani ataumia hili likionekana? Kuficha nako huuliza ni nani ataaibika. Maswali hayo yanafanana kwa mbali, lakini mara nyingi majibu yake ni watu wawili tofauti. Picha ya msichana iliyosambazwa bila ridhaa, ikionekana, anaumia msichana. Basi isitiriwe, na aliyeisambaza ashtakiwe. Ushuhuda wa mwanamke aliyebakwa, aliyeamua mwenyewe kusema, ukionekana, anaaibika aliyembaka. Kuuzuia ni kuficha.

Kipimo hiki kinaweza kuwekwa katika lugha ya sheria. Mahali pa maneno yanayotaja picha zinazokiuka maadili mema, sheria inaweza kutaja mambo matatu yanayojulikana mipaka yake: picha yoyote ya ngono inayomhusu mtoto, picha ya faragha ya mtu mzima iliyopigwa au kusambazwa pasipo ridhaa yake, na kuwapelekea watoto picha za ngono kwa makusudi. Katika kila moja yupo mtu aliyedhulumiwa anayeweza kutambuliwa, na lipo tendo linaloweza kuthibitishwa. Amri ya kuzuia ielekezwe kwenye picha yenyewe na kwa aliyeisambaza, itolewe na hakimu, iandikwe sababu zake, iwe na muda, na iweze kukatiwa rufani. Kuhusu watu wazima wanaotazama kwa hiari yao maudhui ya watu wazima walioridhia, malezi, dini na dhamiri vina nguvu ambazo waziri hana. Anayelaumu jambo hilo anaweza kulihubiria, kulifundisha na kuliandikia. Hayo yote ni matumizi ya uhuru uleule.

Lipo pia jukumu linaloangukia moja kwa moja idara za Kiswahili. Kifungu cha 1 cha Katiba kinataja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha hizo ndani ya siku 60 tangu kutangazwa kwake. Mfasiri atakayelitekeleza jukumu hilo hawezi kukwepa uamuzi. Akiandika adabu mahali pa bonnes mœurs, atakuwa amewapa wakubwa fimbo ya kuwachapia wadogo. Akiandika heshima, wenye vyeo watajiona wao ndio wanaolindwa. Akiandika maadili mema, atakuwa amechagua neno lenye haki katika mzizi wake, lakini itampasa aeleze. Ugumu wa kulifasiri neno hilo ni ushahidi kwamba hata katika Kifaransa halikuwa limefafanuliwa. Sheria isiyoweza kuelezwa kwa muuza samaki wa Nyawera kwa lugha anayoielewa haiwezi kudaiwa kwamba ameivunja akijua.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mjadala juu ya kuzuia picha za ngono mtandaoni haujengwi na pande mbili zenye hoja moja ya kweli na moja ya uongo. Madhara ya picha zinazowahusu watoto na zinazosambazwa bila ridhaa ni ya kweli. Hofu ya udhibiti nayo ni ya kweli, na katika Kongo imejengwa juu ya tarehe zinazojulikana: 2011, 2015, 2018, 2021 na 2025. Kinachoziunganisha pande hizo ni udhaifu mmoja wa lugha: maneno mapana yaliyorithiwa kutoka 1940, yanayopima aibu mahali pa dhuluma, na yanayotekelezwa kwa chombo kisichoweza kutenga picha na gazeti.

Njia ya kutoka si kuyatupa maadili. Ni kuyarudishia maana ya mzizi wake, ambayo ni haki, na kudai kwamba kila katazo limtaje mtu linayemsitiri. Katazo lisiloweza kumtaja mtu huyo, hata likiandikwa kwa maneno ya staha kiasi gani, hapana budi lishukiwe kuwa ni la kuficha.